Mnunuzi wa China anayetaka mje kusaini mkataba kabla hajaonja kahawa

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 42 wa kahawa hapa Kibosho, Moshi. Mwezi uliopita kampuni moja ya China ilituandikia baada ya kuona picha za kahawa yetu mtandaoni. Wanataka makontena 10 ya daraja la AA, na bei waliyotaja inazidi ile ya mnada kwa zaidi ya theluthi. Wanasema watatanguliza asilimia 30 na kumalizia asilimia 70 mzigo ukishapakiwa. Ila kwanza twende watu wawili China kusaini mkataba, tulipie nusu ya gharama za mthibitishaji wa mkataba, dola 1,800, na tubebe zawadi za wakurugenzi. Mwenyekiti anasema bahati haiji mara mbili, na tumeshachanga fedha za tiketi. Tunavuna tani tano hivi kwa msimu. Leseni yao ya biashara wametutumia, imeandikwa Kichina. Twende?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msiende, na hiyo dola 1,800 msiitume. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu najua mwenyekiti anakusubiri, na fedha iliyokwisha kuchangwa huwa na haraka yake. Sasa nikueleze kwa nini. Nataka barua ya pili itakapokuja, maana itakuja, uweze kuisoma mwenyewe bila kuniuliza.

Anza na hesabu. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kahawa, kila gunia kilo 60. Hizo ni tani 19.2. Makontena 10 ni tani 192, yaani magunia 3,200. Ninyi mna tani tano. Tena hizo tano si AA zote. Kahawa ikishakobolewa na kuchekechwa hugawanyika: AA zile punje kubwa, kisha AB, PB na madaraja ya chini yake. AA huwa sehemu tu ya mavuno. Kwa hiyo mtu huyu amewaagiza mzigo unaokaribia mara arobaini ya kila mlicho nacho, na wala hakuwauliza mnavuna kiasi gani. Hakuuliza kwa kuwa hana haja ya kujua. Mnunuzi halisi hawezi kuliruka swali hilo hata kidogo, kwani naye ana mteja aliyemwahidi mzigo, ana nafasi aliyolipia kwenye meli, ana ghala linalomsubiri.

Ukirudia barua zake zote, jiulize jambo moja: ameuliza nini kuhusu kahawa? Mimi nimefanya kazi ya kupeleka mazao nje kwa miaka mingi kutoka hapa Arusha, na wanunuzi wa Kichina niliokutana nao walinichosha kwa maswali. Unyevu ni asilimia ngapi? (Kahawa ikizidi 12 hawaitaki, itaota ukungu njiani.) Ni ya msimu gani? Imeoshwa au imekaushwa na tunda lake? Ilivunwa kwenye mwinuko gani? Ina punje ngapi zenye kasoro katika gramu 300? Nani ameikoboa? Na kabla ya hayo yote: tuma sampuli. Kahawa hainunuliwi kwa picha. Inachomwa, inasagwa, inaonjwa na waonjaji vikombe kadhaa, kisha ndipo bei inazungumzwa. Bei yenyewe ya arabika duniani inafuata soko la New York, ambalo kila mnunuzi analitazama kwenye simu yake. Yupo anayeongeza juu ya bei hiyo, tena vizuri sana, kwa kahawa nzuri ya mlimani kama yenu. Lakini anaongeza baada ya kuionja. Anayeongeza theluthi nzima kabla hajaipeleka mdomoni, hiyo theluthi ni chambo.

Huyu wenu ameuliza majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Ameuliza mtakuja lini. Amewataka watu wawili wasafiri.

Mtego huu ni wa zamani na umewanasa wauzaji wa nchi nyingi, hivyo wanakikundi wako wasione aibu. Unakwenda hivi. Mnaitwa kwenye mji ambao mara nyingi uko mbali na bandari kubwa. Mnapokelewa vizuri, kwenye ofisi yenye meza ndefu na bendera. Mkataba unasainiwa, picha zinapigwa. Jioni kuna chakula cha heshima, na mnaambiwa kwa mila ya pale mgeni ndiye hulipa, au mchangie sigara na pombe ya mkurugenzi. Hoteli na duka ni za wenzao. Kesho yake kuna ada ya mthibitishaji. Mkirudi nyumbani mnaandikiwa kuwa asilimia 30 iko tayari benki ila imekwama kwa ada ya kubadili fedha za kigeni, lipeni nusu. Mkilipa, inatokea nyingine. Kahawa haijawahi kutoka ghalani, na wala hawakuwahi kuitaka.

Sheria haiwapi matapeli hao nafasi hiyo. Mkataba wa kununua na kuuza bidhaa nchini China hauhitaji mthibitishaji ili uwe halali. Kinachoufunga ni sahihi na muhuri wa kampuni, ule mwekundu wa duara wenye nyota katikati. Mkataba unaweza kusainiwa Kibosho, ukapigwa picha, ukatumwa, na biashara ikaenda. Na mnunuzi anayetuma fedha nje ya China, gharama za benki yake ni zake. Muuzaji halipi ada yoyote ili alipwe. Ukisikia popote, kwa nchi yoyote, kwamba utoe fedha kwanza ndipo fedha yako itoke, funga mazungumzo hapo hapo.

Kuhusu ile leseni. Umefanya vizuri kuiomba, wengi hawaombi. Kwa Kichina inaitwa yingye zhizhao. Itazame upya: lazima iwe na namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, jina la kampuni kwa Kichina, jina la mwakilishi wake kisheria, mtaji, tarehe ya kuanzishwa na orodha ya shughuli inazoruhusiwa kufanya. Hilo jina la Kiingereza lililo juu ya barua yao halina uzito kisheria. Jina la kampuni ya Kichina ni la Kichina tu, na la Kiingereza mtu anaweza kujiandikia lolote. Ile namba 18 ingizeni kwenye daftari la serikali la kampuni za China, gsxt.gov.cn. Ni bure, ingawa limeandikwa Kichina. Tafuteni kijana wenu anayesoma China, siku hizi karibu kila kijiji cha mlimani kinaye, au aliyesoma Kichina chuo kikuu. Mwambieni awasomee mambo matatu: kampuni ina umri gani, shughuli zake zimetaja kuingiza vyakula au mazao kutoka nje, na mwakilishi wake ni yule aliyesaini barua au mwingine. Kampuni ya miezi minne, yenye shughuli za ushauri wa biashara, ikiagiza tani 192 za kahawa, hapo mnahitaji kuuliza nini tena?

Kampuni ikikutwa hai bado si ushahidi wa kutosha. Matapeli huazima jina la kampuni halali ya watu. Kwa hiyo namba ya simu isitoke kwenye barua yao. Itafuteni kwingine, wapigieni, waulizeni kama wanamfahamu huyo anayewaandikia.

Kuna swali moja ambalo kwangu lina nguvu kuliko hayo yote, na huyu wenu hakuligusa. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Forodha ya China inataka viwanda na maghala ya nje yanayoandaa vyakula vya kupelekwa China viwe vimesajiliwa kwake. Kanuni iliyoanzisha hilo ilikuwa ile namba 248. Kanuni hiyo ilitaja aina 18 za vyakula ambazo kiwanda hakikuweza kujisajili peke yake, ilikuwa lazima kipendekezwe na mamlaka ya nchi yake, na kahawa isiyochomwa ilikuwamo. Ufuta na mbegu nyingine za mafuta zilikuwamo pia, asali ilikuwamo. Mnunuzi anayeijua kazi yake atawauliza mapema kabisa: kahawa yenu inakobolewa wapi, na kiwanda hicho kina namba ya usajili ya Forodha ya China? Bila namba hiyo mzigo utakwama bandarini kwake, na hasara itaanzia kwake. Nendeni kwa mkoboaji wenu hapo Moshi mkamuulize swali hilo hata kama hamna mnunuzi. Jibu lake litawafaa mwaka huu au mwaka kesho.

Usinielewe vibaya. Sikuambii China si soko. Soko lipo, na linakua mbele ya macho yetu. Wachina wengi bado ni watu wa chai, lakini vijana wa mijini wanakunywa kahawa kila siku. Shanghai imejaa migahawa ya kahawa, na kampuni yao Luckin, iliyoanza 2017 tu, ilivuka maduka 10,000 mwaka 2023. Wao wenyewe wanalima arabika Yunnan, kwa hiyo wana waonjaji wanaoijua kahawa. Na kuna jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa: tangu tarehe 1 Desemba 2024, bidhaa zote zinazotoka nchi zenye maendeleo duni zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na China zinaingia huko bila ushuru wa forodha, na Tanzania imo. Kodi ya ongezeko la thamani ya huko inabaki, nayo anailipa mwagizaji. Ila ili mnunuzi apate nafuu hiyo ya ushuru, lazima mzigo uwe na cheti cha uasili kinachoonyesha kahawa ni ya Tanzania. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, ndio hutoa vyeti vya uasili. Mnunuzi mzuri atakukumbusha cheti hicho mara tatu, kwa sababu ni fedha yake.

Vyeti vingine mnavyovihitaji viko karibu kuliko mnavyodhani. Cheti cha afya ya mimea kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na makao yao makuu yako hapa Arusha, Ngaramtoni, pale tulipozoea kupaita TPRI. Hata sampuli ndogo ya kahawa mbichi ulizeni cheti hicho kabla ya kuituma. Na Bodi ya Kahawa ipo hapo hapo Moshi, mnaweza kwenda asubuhi mkarudi kumwagilia migomba mchana. Hapa nataka ukae na kikundi mfikiri, kwa kuwa barua yako haikutaja leseni. Kupeleka kahawa nje kunahitaji leseni ya Bodi. Kahawa ya mkulima kwa kawaida hupitia chama cha msingi, kiwanda cha kukobolea, kisha mnadani, na anayenunua mnadani ndiye husafirisha. Ipo pia njia ya kuuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, ambayo vikundi vyenye kahawa bora vimeitumia, lakini nayo inapita Bodi: leseni, na mkataba wenu kuonekana na kukubaliwa. Mnunuzi aliyewaambia mambo ya serikali atayamaliza yeye, anawadanganya au hajui Tanzania.

Sasa fedha, maana hapa hata mnunuzi wa kweli anaweza kuwaumiza. Nitakwambia lililonipata.

Mwaka 2015 nilipeleka kontena la ufuta niliokusanya Babati. Mnunuzi alikuwa kampuni halisi, tulishafanya biashara ndogo mbili kabla. Alitanguliza asilimia 20, na iliyobaki tukaandikiana kwamba atalipa mzigo ukifika. Hati ya meli, ile ya kuchukulia mzigo bandarini, niliiandikisha kwa jina lake. Kontena likafika bandari ya Qingdao, China, na siku ya tatu akanipigia simu: ufuta una uchafu, punguza bei kwa robo. Ulikuwa umepimwa hapa, cheti ninacho. Nikakataa. Akanyamaza wiki moja. Kila siku ya wiki ile kontena lilikuwa linadaiwa gharama za kukaa bandarini, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Kulirudisha Tanzania kungegharimu zaidi ya mzigo wenyewe, na kumuuzia mwingine kulihitaji ridhaa yake kwa kuwa hati ilikuwa na jina lake. Nikapunguza. Nilichopata hakikurudisha hata fedha ya wakulima, ikabidi niuze kiwanja nilichokuwa nacho Usa River niwalipe. Wale wakulima hawakujua lolote, na sikutaka wajue.

Tangu hapo sijawahi kuuza kwa mkopo wa mzigo kufika, na wala sitakushauri. Kwa mnunuzi mpya, chukueni advansi ya asilimia 30 au zaidi kabla hamjakoboa. Na 70 iliyobaki ilipwe mkishamwonyesha nakala ya hati ya meli, kabla ya hati halisi kutoka mikononi mwenu. Hati halisi za meli kwa kawaida huwa tatu, na aliye nazo ndiye mwenye mzigo. Ziandikwe kwa amri yenu au ya benki, yaani mzigo apewe yule mtakayemtaja, si kwa jina la mnunuzi. Na msikubali meli iambiwe iachie mzigo bila hati hadi benki yenu iseme fedha imeingia. Fedha kuingia maana yake ni salio kwenye akaunti yenu. Ile karatasi ya benki inayotumwa kwa WhatsApp kuonyesha kuwa fedha imetumwa, kijana yeyote mwenye kompyuta anaitengeneza kwa dakika kumi.

Mzigo ukiwa mkubwa, ombeni LC, yaani benki ya mnunuzi ijifunge kulipa mkileta hati zilizotajwa. Ni salama lakini ina ukali wake: benki hulipa kwa karatasi, haiangalii kahawa. Jina la kikundi likipungua herufi moja kwenye cheti cha uasili, wanaweza kukataa. Nendeni nayo kwa afisa wa benki kabla hamjaikubali, msomeeni kila mstari, na sharti lolote msiloweza kulitimiza wenyewe, kwa mfano cheti cha kusainiwa na mtu wa mnunuzi, lifuteni.

Jingine dogo lakini limeshaliza watu Arusha: wezi huingia kwenye barua pepe ya muuzaji, wanasubiri ankara itumwe, kisha wanamwandikia mnunuzi kwamba akaunti imebadilika. Mnunuzi analipa, kwingine. Mwambieni mnunuzi wenu tangu siku ya kwanza kwamba akaunti yenu haitabadilika, na akiona tofauti awapigie simu ya video amwone katibu usoni.

Bei nayo iandikwe inaishia wapi. Mkisema FOB Dar es Salaam, gharama zote mpaka mzigo uko juu ya meli ni zenu: kukoboa, magunia, lori kutoka Moshi, wakala wa forodha, bandari. Bima na nauli ya baharini ni za mnunuzi. Kwa kikundi kinachoanza naona FOB inatosha, msijibebeshe nauli ya baharini ambayo hupanda na kushuka kila mwezi. Tanga iko karibu zaidi na Moshi, lakini ulizeni kwanza meli mnayoitaka inapita lini.

Kama nyoyo zenu ziko China kweli, na zisiache kuwa huko, anzeni na ukubwa wenu. Tani tano hazijazi kontena. Tafuteni msafirishaji mwenye leseni anayeuza China tayari, mchanganye mzigo wenu na wa vikundi vya Uru na Machame, majina ya vijiji yabaki kwenye magunia. Kuna maonyesho ya biashara kati ya China na Afrika yanayofanyika Changsha kila baada ya miaka miwili tangu 2019, na kuna yale ya bidhaa zinazoingia China, Shanghai kila Novemba. Ulizeni TanTrade, mamlaka ya serikali ya kukuza biashara, wanapoandaa banda la Tanzania, hata kama hamwendi, sampuli zenu ziende. Mnunuzi atakayewapata pale ataionja kwanza kahawa.

Kwa huyu wa sasa, usimtukane wala usimtuhumu. Inawezekana, kwa uwezekano mdogo, ni mtu asiyejua kazi. Mwandikie hivi: "Asanteni kwa nia yenu. Uwezo wetu ni tani tano kwa msimu. Tutatuma sampuli kwa gharama yenu ya usafirishaji. Mkishaionja, tutajadili bei na kusaini mkataba kwa njia ya barua. Tunaomba jina la kampuni kwa Kichina, namba yenu ya usajili wa forodha, na mtuambie kama mnahitaji namba ya usajili ya kiwanda chetu cha kukoboa. Hatulipi ada yoyote kabla ya advansi kuingia kwenye akaunti yetu." Akiwa mnunuzi atajibu swali la forodha na kuulizia sampuli. Akirudi kwenye tarehe ya safari na ile dola 1,800, mwonyeshe mwenyekiti jibu hilo.

Na fedha mliyochanga ya tiketi, kama wanachama wataridhia, tengeni sehemu yake mpeleke kahawa ya msimu huu kuonjwa Moshi, mpate karatasi yenye alama zake. Mnunuzi yeyote mwenye akili, awe wa China au wa Ujerumani, karatasi hiyo ndiyo ataiomba kwanza.